Timbo limefungwa, mashine zimeondoka. Twataka bustani ya kumbukumbu ya wachonga mawe, tuanzie wapi?

MwanaTimbo (mleta uzi)

Salaam aleikum wale wa salaam, na wengine hamjambo.

Kijiji chetu kiko bara ya kaskazini ya Mombasa, ndani kidogo kutoka barabara ya Malindi. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu mwenye ardhi bado hatujakaa naye chini. Ni kijiji kilichozaliwa na timbo, yaani machimbo ya mawe. Wazee walikuja kuchonga mawe, wengine kutoka Kaloleni na Ganze, wengine Ukambani, wengine walipanda gari la moshi kutoka Kisumu. Wakajenga vibanda ukingoni mwa timbo, wakaoa, wakazaa hapo hapo. Mashine hazikuwapo. Kazi ilikuwa sururu, mtaimbo, tindo na nyundo, na mtu alilipwa kwa jiwe, si kwa siku. Jiwe likipasuka mkononi halihesabiwi. Kwa hivyo watu walichimba palipo laini, chini ya ukuta, wakaliacha jiwe gumu likining'inia juu yao kama baraza isiyo na nguzo. Mvua za masika zikija, lile la juu linashuka.

Waliokufa hivyo ni wengi. Utaratibu ulijulikana: kazi yasimama mpaka mwili utolewe, mwenye timbo atoa nauli ya kupeleka maiti kwao na chochote cha sanda au jeneza, kesho lori laja kupakia. Hakuna aliyeandika popote. Baadaye zikaja mashine za kukatia, vibarua wakapungua, na sasa mawe mazuri yamekwisha. Limebaki shimo. Upande mmoja maji ya mvua hutuama miezi na miezi, na humo pia tumepoteza watoto.

Tulikaa kikao cha mtaa tukakubaliana kwamba pale pawe na bustani ya kuwakumbuka. Tangu siku hiyo hatujakubaliana jambo jingine. Kuna wanaotaka sanamu ya mchonga mawe langoni, kuna wanaosema wakiona sanamu hawakanyagi. Vijana wataka kiwanja cha mpira. Mmoja ataka miembe tu, ili iuzwe. Na mheshimiwa fulani ameshaahidi viti vya zege vyenye jina lake mgongoni.

Wadau, naomba mwenye ujuzi anisaidie. Ardhi ya timbo yaota kitu kweli? Karatasi gani zatakiwa? Na majina ya marehemu tuyaandike vipi?

---

Kijogoo_Shimanzi

Bustani ya marehemu, mgongoni mwa kiti jina la mtu aliye hai na ataka kura. Hiyo ni Mombasa yetu 😂

Nafuatilia.

---

BwanaShamba_Mtwapa

Swali la kwanza nalijibu mimi, na usiende mbali kutafuta mfano. Nenda Haller Park pale Bamburi.

Wengi wetu tulipelekwa na shule kumtazama Owen, yule kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee. Tukala chipsi tukarudi. Hakuna aliyetuambia kwamba mahali tuliposimama palikuwa timbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikachimba jiwe la matumbawe mpaka ikabaki sakafu nyeupe, haina udongo, jua la mchana lapiga hapo mtu hawezi kufungua macho. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na damas, ambao asili yake ni upande wa Somalia.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hivyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze, na chumvi hauiogopi. Lakini hapo hapo pakatokea tatizo. Majani ya mvinje, zile sindano zake, yana tanini nyingi na hayaozi haraka. Yakaanguka, yakarundikana, udongo hautengenezeki. Dawa yake ikawa jongoo, wale wakubwa wa pwani wenye miguu myekundu. Walipoletwa wakazila sindano, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa mwanzo wa udongo. Baada ya hapo ndipo miti mingine ikaweza kuingia, kisha ndege, kisha wanyama.

Sasa kwa MwanaTimbo. Ninyi hamna pesa ya kiwanda wala miaka ya kungoja. Fanyeni hivi:

Msijaribu kufunika shimo lote kwa udongo wa kununua, mtafilisika na mvua itauzoa. Chimbeni mashimo kwenye sakafu kwa mtaimbo, kila shimo liingie goti la mtu mzima na upana wake vivyo hivyo, mpaka mpasue ule ubapa mgumu. Chini wekeni makumbi ya nazi, hushika maji. Juu yake samadi iliyooza vizuri pamoja na udongo mwekundu kidogo. Kwenye miche ya mvinje chukueni na konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa, ndio wenye vile vijidudu. Pandeni mvua za masika zinapoanza, si zinapokaribia kwisha. Mvinje utangulie pembeni, uvunje upepo wa kusi. Ndani, mwarobaini na mkwaju huvumilia. Mbambakofi subirini mpaka kuwe na kivuli.

Maua msiyataje kwanza.

---

BintiKisauni

@BwanaShamba_Mtwapa ahsante, lakini mvinje wote? Mahali pa kukaa mama na mtoto pawe na kivuli cha kueleweka. Mkungu je? Na mbona maua yasitajwe? Bustani ya kumbukumbu haina asumini wala kirehani, hiyo si ni shamba la boriti tu.

---

BwanaShamba_Mtwapa

Mkungu waweza, upande ule wenye maji. Asumini na kirehani wekeni kwenye vitalu vilivyojengwa kwa mawe yenu wenyewe, hapo udongo wa kununua utatosha na mtu ataweza kumwagilia kwa ndoo. Nilichokataa ni kupanda maua kwenye sakafu ya timbo siku ya uzinduzi, picha zipigwe, wiki ya pili yote yamekauka. Nimeyaona hayo mara nyingi, na yule aliyepigwa picha haonekani tena.

---

Wakili_Mchovu

Mwanipangia miti na hamjui shamba ni la nani. Haya.

Kwanza fanyeni sachi ardhi. Jueni kipande hicho kimesajiliwa kwa jina la nani: mtu, kampuni, kaunti, au familia ambayo warithi wake wametapakaa Muscat na London. Historia ya ardhi ya pwani mwaijua, nusu ya bara ya kaskazini watu wamezaliwa na kuzeeka juu ya hati ya mtu mwingine.

Pili, mwenye ardhi atawaogopa, na ana haki ya kuogopa. Sheria ya Kenya yasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka 12 waziwazi, bila idhini na bila kufukuzwa, aweza kwenda mahakamani kuidai. Mwenye hati akisikia "wanakijiji wanapanda miti" atafikiria hilo moja kwa moja. Dawa yake ni idhini ya maandishi. Mkiwa pale kwa ruhusa yake, ile hesabu ya miaka 12 haianzi. Mwelezeni hivyo. Karatasi yamlinda yeye kabla haijawalinda ninyi, na nimeona watu wenye roho ngumu wakilainika kwa hoja hiyo moja. Lakini karatasi hiyo iseme muda, mfano miaka 20 au zaidi, na iseme kwamba mnunuzi atakayekuja nayo itambana. Msikubali "pandeni tu, hakuna shida". Mimi neno "hakuna shida" ndilo linanilipia karo ya watoto.

Tatu, nani anaandikiana naye? Kikao cha mtaa si mtu mbele ya sheria. Sajilini kikundi. Kuna sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii wanaijua. Mtahitaji katiba fupi, viongozi, na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

Nne, hili wengi hawalijui. Mtu aliyechimba na kuacha shimo hajamaliza wajibu wake kwa kuondoa mashine. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yaipa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, uwezo wa kutoa amri kwamba aliyeharibu arekebishe. Kwa hivyo kabla hamjachangishana kununua udongo, andikeni barua NEMA, nakala kaunti, muulize timbo hilo lilikuwa na leseni gani na mpango gani wa kulirudisha. Huenda mkakuta kuna mtu anayepaswa kulipa, ninyi mwataka kumlipia.

---

Mtu_wa_Mazeras

Huyu wakili asikizwe. Na MwanaTimbo, neno moja. Nyinyi jiwe lenu ni la matumbawe. Huku kwetu Mazeras twachimba lile bapa la kutandika uani na kubandika ukutani, ambalo ni mchanga uliogandamana. Vumbi lake si sawa. La kwetu lina silika, yale madini ya mchanga, na hiyo silika ikiingia mapafuni kwa miaka haitoki. Mtu huanza kukohoa akiwa bado kijana, aambiwa ana TB, anywa dawa, hapati nafuu.

Nalisema hili kwa sababu mkianza kuandika majina mtajikuta mmeandika walioangukiwa na ukuta tu. Kwetu sisi ukuta umeua wachache. Vumbi limeua wengi, tena kitandani, wake zao wakiwatazama. Cheti cha kifo hakiandiki timbo. Hao mtawaweka wapi?

---

MwanaTimbo

@Mtu_wa_Mazeras umenikamata pabaya. Kikao chetu kilisema "waliofia timboni". Neno lenyewe linawatoa hao, na linawatoa pia watoto waliozama baada ya kazi kusimama.

@Wakili_Mchovu barua ya NEMA twaandika wiki hii. Sachi kuna kijana wetu anafanya kazi karibu na ofisi za ardhi, atatusaidia.

---

AbuSumayya

Nizungumze kuhusu sanamu, kwa sababu naona ndipo mtakapogombania.

Ndugu zangu Waislamu katika kijiji hicho hawatakubali umbo la mtu, na wengi hawatapenda hata jengo lolote linalofanana na kutukuza kaburi. Hilo halina haja ya mjadala mrefu, mwaweza kulikwepa kabisa. Kwetu mti ndio kumbukumbu. Mafundisho yanajulikana na kila mtoto wa madrasa: anayepanda mti, kisha ndege au mtu au mnyama akala katika mti huo, mpanzi anaandikiwa sadaka. Watu wapande kwa niaba ya marehemu wao. Mkikubaliana na mwenye ardhi na akiwa Muislamu, muulizeni pia habari ya wakfu. Akiiweka wakfu kwa manufaa ya umma, haiuzwi tena wala hairithiwi, na Tume ya Wakfu ina ofisi hapa hapa Mombasa.

Majina kuandikwa sioni tatizo. Kibao cha chini, si mnara.

---

Kadzo_wa_Ganze

Maalim amesema vizuri. Nami nieleze upande wetu, maana wachonga mawe wengi wa matimbo hayo walikuwa Wagiriama na Warabai.

Nimesikia kuna msanii ametoa wazo la kuchonga vigango, zile nguzo zetu za mbao za kuwakumbuka marehemu, viwekwe kwenye njia "vipendeze". Tafadhali msithubutu. Kigango hakichongwi kupendeza. Huwekwa kwa mzee wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, na familia yake, kwa taratibu zake, na kikishasimama hakihamishwi. Vyetu vimeibwa sana, vikauzwa, vikapatikana kwenye makumbusho Marekani, na mpaka leo vingine vinadaiwa na vingine vimerudishwa. Kuja kuviona vya bandia kwenye bustani yenu, vikiwa na taa za rangi, itakuwa matusi. Wakamba na Wajaluo waliolala huko kwao nao wana mambo yao. Msitafute alama moja ya kuwakilisha wote, hamtaipata. Andikeni majina, basi.

---

Mpenda_Raha01

Mwasema majina majina, mimi nasema kiwanja. Waliokufa wamekufa, walio hai hawana pa kucheza.

---

Mbarawa_Wales

Niko Cardiff, Wales, huku Uingereza, miaka mingi sasa, kazi za hospitali, lakini nyumbani ni Old Town. Uzi huu umenigusa kwa sababu huku nimezungukwa na vijiji vya namna hiyo. Wales kusini yote ilikuwa migodi ya makaa ya mawe, na karibu yote imefungwa. Kila bonde lina kumbukumbu yake. Niwaeleze mbili, mtaona kilichowafaa na kilichowaumiza.

Ya kwanza Senghenydd. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi ulilipuka, wakafa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Mgodi huo huo ulikuwa umeshalipuka mwaka 1901 na kuua watu 81. Baada ya kesi, meneja alitozwa faini ya pauni 24 na kampuni pauni 10. Piga hesabu mwenyewe roho moja iliuzwa shilingi ngapi. Lakini bustani ya kumbukumbu ya taifa pale ilifunguliwa lini? 14 Oktoba 2013. Karne nzima baadaye. Wameweka ukuta wenye vigae vidogo vya udongo, kila kigae jina la mtu, umri wake, na alikokaa, na watu wa kijiji wenyewe wameshiriki kuvitengeneza. Ipo sanamu pia, lakini nilivyoona mimi watu hupita sanamu, wakasimama kwenye vigae. Wanatafuta jina la ukoo wao. Na ni kwa sababu kulikuwa na orodha: karani wa mgodi aliandika, magazeti yaliandika, kanisa liliandika. Ninyi mwanzo wenu ni kutengeneza orodha ambayo wao waliikuta.

Ya pili ni Aberfan. Hii naiandika polepole. Tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, kilima cha taka za mgodi kilichorundikwa juu ya kijiji kiliteremka kikafunika shule ya msingi. Walikufa 144, kati yao watoto 116. Mahali pa ile shule sasa ni bustani. Kuta fupi zafuata mistari ya madarasa, ndani maua na viti. Hakuna tangazo kubwa, hakuna kiingilio.

Lakini sikizeni habari ya pesa. Watu duniani walichanga, zikapatikana pauni milioni 1.75. Halafu vile vilima vingine vya taka vilivyobaki juu ya kijiji, wazazi wakataka viondolewe. Wenye mgodi na serikali wakavutana nani alipe, mwishowe zikachukuliwa pauni 150,000 kutoka kwenye mchango wa wafiwa wenyewe! Zilirudishwa mwaka 1997, bila faida ya miaka yote hiyo, na nyongeza ikaja mwaka 2007. Ndiyo maana alichosema wakili hapo juu kuhusu NEMA kimenisimamisha nywele. Msiwe ninyi wa kulipia kusafisha uchafu wa mtu kwa pesa za sadaka.

---

Wakili_Mchovu

@Mbarawa_Wales hilo la pauni 150,000 naliiba nikalisemee mahakamani.

---

Kijogoo_Shimanzi

Kwa kuwa tumefika kwenye majina. Zile sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue, tangu miaka ya 1920, za kukumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo vita vya kwanza vya dunia. Tafuta jina moja pale. Mzungu aliyekufa vita hivyo ana kaburi lake, jina na nambari. Wetu wamepewa sanamu ya shaba, wote pamoja. Mwaka 2021 wenyewe wanaotunza makaburi hayo ya vita walikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wenzao.

Nairobi angalau walijifunza. Ile bustani ya 7 Agosti, palipokuwa na ubalozi wa Marekani, mwaka 1998 walikufa kwa bomu watu zaidi ya 200, majina yao yako ukutani. Ila langoni walipa kiingilio. Mjane wa kijiji chenu asije akalipishwa kumwona mumewe.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mtu asiye mkulima wala wakili: pesa ikitosha kitu kimoja tu, iwe ubao wa majina. Miti itafuata.

---

Mama_Riziki

Mimi husoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Baba yangu alikuwa mchonga mawe timbo la huko huko bara ya kaskazini, pengine ni hilo hilo, pengine la jirani. Aliangukiwa, hakufa siku hiyo, alikufa baada ya miaka akiwa hawezi kutembea. Mama alichuuza mahamri akamlisha na kumwosha muda wote huo. Katika hesabu zenu zote naona "waliofia", "waliozama", "wa vumbi". Mama yangu hayumo. Yeye hakushika nyundo. Wanawake waliokuwa wakiponda kokoto kando ya timbo, mtoto mgongoni, vipande vikiruka machoni, nao hawamo.

Pia, msiandike jina la baba yangu kabla hamjaniuliza. Kuna watu hawapendi. Kuna mwingine alikuwa na mke huku na mke kwao, mkiweka jina na "mume wa fulani" mtawasha moto. Pitieni nyumba kwa nyumba.

---

MwanaTimbo

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti kikaoni jana, na chumba kilibadilika. Wazee waliokuwa wakigombania sanamu waliacha, wakaanza kutaja majina, na wakina mama wakawasahihisha.

Tumekubaliana hivi mpaka sasa. Kigezo si namna mtu alivyokufa. Kigezo ni kwamba timbo lilimlisha au lilimuumiza: mchongaji, mpakiaji, mponda kokoto, mama ntilie wa ukingoni, mtoto aliyezama. Kitafunguliwa kitabu, na jina haliingii mpaka mtu wa familia yake alitoe mwenyewe au akubali. Familia ikikataa, tunaacha. Jina, mwaka kama unajulikana, alikotoka. Hakuna "mume wa" wala "mke wa". Herufi za wote ukubwa mmoja.

Sanamu imeondolewa. Viti vya mheshimiwa tumemwambia avilete bila jina, tunangoja kuona kama bado anavyo.

---

Fundi_Nyundo

Viti havitakuja hivyo, usingoje.

Mimi nimefanya kazi ya ujenzi zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kuna jambo hamjalizungumza. Ule ukuta uliowaua wazee bado umesimama. Mtaleta watu, watoto wa shule, mama wazee, muwakalishe chini yake wakisoma majina ya walioangukiwa na ukuta? Kabla ya mche mmoja:

Tafuteni mhandisi autazame. Palipochimbwa chini pakabaki paa, paangushwe kwa makusudi wakati wa kiangazi, watu wakiwa mbali. Mawe yatakayoshuka ndiyo ya kujengea vitalu na ukuta wa majina, hamtanunua hata moja. Bustani na njia zikae mbali na ukuta, umbali usipungue kimo cha ukuta wenyewe. Ukingo wa juu uwekwe uzio, maana mbuzi na watoto huja kutoka juu, si kwa lango.

Yale maji msiyafukie haraka. Sakafu ya timbo mara nyingi iko karibu na maji ya chini, mkiyafukia hapa yatatokea pale. Punguzeni kina upande wa watu, tengenezeni mteremko wa kokoto ili anayeteleza aweze kutoka. Zile kuta za wima ndani ya maji ndizo zinazozamisha watoto, anashika jiwe hapati pa kukanyaga. Wekeni na samaki wa kula viluwiluwi vya mbu, la sivyo mtafungua bustani ya mbu.

---

Likoni_Feri

Yote mazuri. Baada ya mwaka itakuwa maskani ya mateja, viti vimeng'olewa, bomba limeuzwa skrapu. Nimemaliza.

---

BintiKisauni

@Likoni_Feri hujamaliza, wala hujakosea. Lakini mahali huharibika kama hapana mtu mwenye shughuli hapo kila siku. Chama chetu cha kina mama kina kitalu cha miche pembeni ya barabara, kaunti yatufukuza kila mara. Tukipewa kona ya hiyo bustani tukaweka miche yetu ya kuuza, tutakuwa pale tangu alfajiri, tutamwagilia yetu na yenu. Kijana wa kahawa na kashata jioni. Madrasa na shule ya kanisa wagawane siku za kufagia. Teja hapendi pahala penye mama zake wakimtazama.

@Mpenda_Raha01 na kiwanja waweza kupata, sakafu iko pana. Mbali na ukuta na mbali na majina.

---

Mpenda_Raha01

Hapo sasa twaelewana. Vijana watachimba mashimo ya mvinje. Mitaimbo mtatupa?

---

BwanaShamba_Mtwapa

Miche ya mvinje ya kuanzia naitoa mimi. Jongoo mtajiokotea wenyewe mvua zikianza, wamejaa chini ya kila mvinje hapa Mtwapa, hawana mwenyewe.

---

MwanaTimbo

Mitaimbo ipo, kila nyumba ya zamani hapa haikosi mmoja, wengine wameugeuza komeo la mlango.

Nina swali moja ambalo kikao kimeshindwa. Kuna mtu wazee wote wanamkumbuka. Alikuja peke yake, aliongea Kiswahili cha mbali, wengine wasema Mrundi, wengine wasema Mmakonde. Aliangukiwa masika moja ya miaka ya 1980, hakuna aliyejua kwao, akazikwa hapa hapa. Tunalo jina la utani tu, na si jina zuri, ni la kumcheka kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Familia ya kuuliza hakuna. Kigezo chetu chasema jina haliingii bila mtu wake. Tumwache?

---

AbuSumayya

Nani alimuosha na kumzika?

---

MwanaTimbo

Wenzake wa zamu. Wawili bado wako hai.

---

AbuSumayya

Basi hao ndio watu wake. Waulizwe wao.

---

Kadzo_wa_Ganze

Na lile jina la kumcheka msiliandike. Wekeni "mchonga mawe, alitoka mbali", mwaka, na muache nafasi ya jina juu yake kwenye jiwe lenyewe. Wamakonde wa Kwale wana viongozi wao, naweza kuulizia huko kama kuna familia iliyopoteza kijana aliyekuja Mombasa kutafuta kazi miaka hiyo.

---

Mama_Riziki

Ulizia pia kwa wale waliokuwa wakimuuzia chakula. Mtu hula kwa mkopo, na mkopo huandikwa kwa jina la kweli. Mama yangu alikuwa na daftari. Jumamosi nitalitafuta kwenye sanduku, nikilipata nitakuja nalo kikaoni. Ni saa ngapi?

---

MwanaTimbo

Saa kumi, baada ya alasiri, chini ya mkwaju. Njoo nalo mama, hata kama kurasa zimeshikana.